Wakili wa kujitolea ana gharama zake

Tunaposema msaada wa kisheria ni bure, bure hiyo ni ya mteja peke yake. Ndivyo sheria inavyotaka: huduma inayotolewa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haimtozi mteja hata senti, na Zanzibar wanayo sheria yao, namba 13 ya mwaka 2018. Lakini nauli inalipwa. Karatasi zinanunuliwa. Na kuna mratibu, mtu anayekaa ofisini tangu saa mbili asubuhi akipokea watu, akipanga majalada, akimpigia wakili simu kumkumbusha kwamba keshokutwa shauri linatajwa.

Wiki hii nimefikiria sana desturi iliyozoeleka katika taasisi zetu: kutafuta watu wa kujitolea ni kazi ya mmoja, kutafuta fedha ni kazi ya mwingine, na hao wawili hukutana kwenye kikao cha mwaka. Naiona kuwa ndiyo asili ya matatizo mengi. Wakili anayejitolea halafu akajikuta anatoa nauli mfukoni mwake, anatafuta mteja asiyepatikana kwa simu na kunakili nyaraka kwa hela yake, hufanya shauri moja na asirudi tena. Tukimpoteza huyo, tatizo linaandikwa kwamba mawakili hawana moyo, wakati lilikuwa kwenye bajeti.

Nianze na watu. Tangazo la "tunatafuta mawakili wenye moyo wa kujitolea" huleta majina mengi na watu wachache. Wakili anajua shauri la ardhi linaweza kula miaka, na ombi lisilo na mpaka linamtisha. Kinachofanya kazi ni kumwonyesha ukubwa wa kazi kabla hajakubali. Sisi tunaofanya kazi hii tunaweza kuigawa katika vipimo vitatu: saa moja ya ushauri kwa simu kila mwezi, siku moja ya kukaa na wananchi na kuandika nyaraka, au shauri moja kutoka mwanzo hadi hukumu. Ukimwomba mtu kipimo cha kwanza, mara nyingi atafika cha tatu mwenyewe. Ukianza na cha tatu, atakwambia yuko safarini.

Tangazo zuri ni fupi na lina tarehe. Kwa mfano: "Anahitajika wakili mmoja, mgogoro wa kuachishwa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Dar es Salaam. Fomu ya kufungua mgogoro inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 11. Barua ya ajira, barua ya kuachishwa na hati za mshahara zipo na zimepangwa. Kazi inakadiriwa saa sita hadi mwisho wa usuluhishi. Nauli na kunakili tunalipa sisi." Mtu akisoma hivyo anajua anachoingia. Tangazo la namna hii hupelekwa kwa watu watano au sita waliochaguliwa, mmoja mmoja kwa jina. Ukilitupa kwenye kundi la watu mia mbili, kila mmoja anadhani mwenzake amejibu.

Si kila kazi inataka wakili. Mbele ya Tume hiyo mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na mwakilishi anayemchagua mwenyewe, kwa hiyo mhitimu wa sheria ambaye bado hajaapishwa anaweza kubeba usuluhishi vizuri kabisa. Msaidizi wa kisheria, yaani mtu aliyefunzwa mambo ya msingi ya sheria bila kuwa wakili, haruhusiwi kuwakilisha mahakamani, lakini yeye ndiye atakayemweleza mama kwamba kabla ya kufungua shauri la talaka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka kupitia baraza la usuluhishi la ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Maombi mengi hukwama hapo, na yakikwama mteja hurudi kijijini akiamini amenyimwa haki. Msaidizi mmoja mwenye nusu saa huokoa miezi. Tunahitaji pia mhasibu wa jioni mbili kwa mwezi, mkalimani wa lugha ya alama, na kijana anayejua kupanga majedwali ya kompyuta. Hawa hatuwaombi, kisha tunashangaa mratibu anafanya kila kitu.

Uhakiki usirukwe hata kwa mtu aliyeletwa na rafiki. Jina la wakili linatafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama ana leseni hai ya mwaka huo. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayowazuia vishoka wanaopenda mno kusimama karibu na taasisi za msaada wa kisheria, kwa sababu hapo ndipo walipo watu wasiojua kutofautisha wakili na mtu mwenye tai na mkoba. Siku ya kwanza mteja apewe karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, yenye maneno haya: huduma hii ni bure, usimpe mtu yeyote hela ya soda wala ya karani, ukidaiwa piga namba hii. Namba hiyo isiwe ya wakili wake wala ya mratibu wa shauri lake.

Baada ya uhakiki, wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Mazungumzo ya dakika ishirini, mafunzo ya nusu siku kuhusu fomu, usiri na taratibu za fedha, kisha jalada dogo mkononi kabla ya siku ya kumi na nne. Orodha ya watu hamsini waliojiandikisha bila kupigiwa simu si hazina. Ni watu hamsini watakaowaambia wengine kwamba pale hakuna kazi. Afadhali usajili uwe wazi kwa wiki mbili kila robo mwaka, na idadi ya wanaopokelewa ilingane na majalada yaliyokwisha kuandaliwa.

Jalada lililoandaliwa lina ukurasa wa kwanza unaobeba tarehe. Hapa ndipo shauri hufa kimyakimya. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Katika jinai, anayekata rufaa Mahakama Kuu kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatoa notisi ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa ndani ya 45. Mpokezi asiyeuliza "barua ulipewa lini?" anaweza kumpangia mtu miadi ya mwezi ujao na kumfungia mlango bila kujua. Kuomba kuongezewa muda kupo, ila ni shauri jingine lenye kiapo chake na sababu za kutosha, na hapo unamwongezea wakili wa kujitolea kazi ambayo hakuikubali.

Ukurasa huohuo uwe na jina la upande wa pili, likiandikwa kabla mteja hajaanza kusimulia. Wakili akishasikia siri za pande zote mbili hawezi kumtetea yeyote kati yao. Uwe pia na namba ya simu iliyo salama. Katika mashauri ya ukatili wa nyumbani simu huwa ya mume, au mume huipokea. Muulize mteja apigiwe saa ngapi, na mpigaji ajitambulishe vipi. Hili halina gharama yoyote, na likisahauliwa mtu anaweza kuumia.

Sasa fedha. Kabla ya kumwomba mtu yeyote, piga hesabu ya jalada moja. Tuseme mteja anatoka nje ya mji, nauli yake ni Sh 8,000 kwenda na kurudi, na anakuja mara tano: Sh 40,000. Nauli ya wakili kwa tarehe hizohizo, Sh 10,000 kila mara: Sh 50,000. Kurasa 120 za kunakili kwa Sh 100: Sh 12,000. Muda wa maongezi: Sh 10,000. Jumla Sh 112,000. Halafu mratibu: kama analipwa Sh 900,000 kwa mwezi na anahudumia majalada 30, kila jalada linabeba Sh 30,000 kwa mwezi, na likidumu miezi minne ni Sh 120,000. Jalada zima ni Sh 232,000, na zaidi ya nusu ni mratibu.

Wachangiaji wanapenda nauli ya bibi anayedai shamba lake, hawapendi mshahara wa mratibu. Basi kuna kishawishi cha kuuficha mshahara ndani ya "uendeshaji" na kuufanya mdogo. Mimi nasimama upande wa kuusema wazi. Mwambie mchangiaji: huyu ndiye anayehakikisha wakili yupo mahakamani siku ya shauri, maana mdai asipotokea shauri linaweza kufutwa. Wengi huelewa, na anayeelewa hurudia kuchangia.

Kwa michango ya watu binafsi, mwalimu wetu tunaye tayari: kamati ya harusi. Kila mmoja ana ahadi iliyoandikwa, kuna tarehe ya mwisho, kuna mweka hazina anayetuma orodha kila wiki, na kuna mtu mwenye heshima anayekumbusha bila kuudhi. Tofauti ni kwamba harusi ina siku yake na mashauri hayaishi. Kwa hiyo omba kidogo kila mwezi. Watu 24 wanaotoa Sh 10,000 kwa mwezi ni Sh 240,000, yaani jalada moja zima kila mwezi. Waambie hivyo hasa, kwa jalada. Ahadi usiihesabu kama fedha. Panga matumizi kwa kilichoingia, na baada ya miezi miwili ya ukimya mpigie mtu simu badala ya kumtumia ujumbe wa kumi.

Malipo yaingie kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Jina linalojitokeza kwenye simu ya mchangiaji likiwa la mweka hazina, imani imekwisha kabla hajabonyeza namba ya siri. Mwenye namba ya siri asiwe ndiye anayelinganisha taarifa ya miamala na daftari. Ulinganishaji ufanyike kila wiki, kwani ukingoja mwisho wa mwezi hakuna atakayekumbuka Sh 15,000 zile zilikuwa za nani. Shukrani na risiti viende ndani ya siku moja.

Kampuni za uwakili huwa tunaziomba hundi. Mara nyingi ni rahisi kwao kutoa chumba cha mikutano Jumamosi, mashine ya kunakili, au mwanasheria kijana kwa siku mbili za mwezi. Kampuni nyingine zikichangia fedha huuliza kuhusu kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani kupunguzwa kwenye mapato ya biashara kabla ya kukokotoa kodi, hadi asilimia 2 ya mapato hayo, lakini taasisi iwe imetambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kuwa ya hisani. Cheti cha usajili wa asasi peke yake hakitoshi. Usimwahidi mtu nafuu ya kodi ambayo huna karatasi yake.

Iandikwe pia sera ya kukataa michango. Mwajiri mwenye wafanyakazi wanaokuja kwako kulalamika anaweza kuwa mkarimu sana mwezi uleule. Pengine hana nia mbaya. Hata hivyo mlalamikaji akiona nembo yake ukutani hatakuamini. Kanuni rahisi: jina la mchangiaji mkubwa lipitishwe kwenye daftari la pande pinzani, kama linavyopitishwa jina la mteja, na uamuzi uwe wa bodi.

Fedha za wafadhili wakubwa bado zinahitajika, na zina masharti yake. Kwa asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi Sh milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na fedha hizo zitangazwe kwa umma. Siku 10 hupita haraka kama saini iko kwa mwenyekiti aliyesafiri. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona sote jinsi mkataba mmoja unavyoweza kusimamisha ofisi nzima. Wachangiaji wadogo wa kila mwezi hawawezi kujaza pengo la namna hiyo, ila wanaweza kumlipa mratibu, na mratibu akibaki, majalada yanabaki.

Picha za wateja kwenye maombi ya michango nazipinga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa ya kweli, na ridhaa ya mtu anayekutegemea kwa shauri lake ina walakini tangu mwanzo. Simulia aina ya shauri bila jina, kijiji wala kabila, na uchanganye maelezo madogo ili hata jirani asitambue. Mashauri ya watoto yasiguswe kabisa.

Kuhusu majira: Mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria mwishoni mwa Januari, ikifuatiwa na Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, na mawakili wengi huwa viwanjani. Hapo ndipo pa kusajili, si pa kuchangisha. Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, 25 Novemba hadi 10 Desemba, ndizo za kuchangisha, kwa kuwa watu tayari wanalizungumzia jambo lenyewe. Maana yake hesabu ya jalada iwe tayari Oktoba, namba ya malipo iwe imejaribiwa na watu watatu wa mitandao tofauti, na majalada ya kuwapa mawakili wapya wa Februari yawe yamepangwa kabla mratibu hajaenda likizo ya Krismasi.