Mashine ya kalibu imefika Ujiji, mchanga ukatugomea

Kwa wasiotujua, sisi nyumbani hapa Ujiji tunasubu makarai na vikaango vya chuma, yaani tunayeyusha chuma tunakimimina kipate umbo. Kazi ya babu, akaishika Mzee, sasa tuko wanne, mimi, mdogo wangu, ba'mdogo na Mzee mwenyewe ambae kila mwaka anasema anastaafu. Malighafi ni skrepa, hasa madramu ya breki ya malori na bloku za injini, tunazivunja kwa nyundo tunayeyusha kwa mkaa. (Vyuma vya reli hatununui hata ukileta saa nane usiku kwa bei ya karanga, na hasa ukileta saa nane usiku.)

Sasa miaka yote hiyo kalibu, yaani umbo la mchanga la kumiminia chuma, tunapiga kwa mkono. Unaweka sampo, yaani kielelezo cha karai lenyewe, kwenye fremu, unamwaga mchanga, unashindilia na mchi, unageuza, fremu ya juu nayo hivyohivyo, halafu unafungua polepole ka mtu anaehamisha mtoto aliyelala, unatoa sampo unafunga tena. Watu wawili kutwa nzima kalibu kumi na mbili, siku mgongo umekubali kumi na tano.

Na sampo yenyewe ndo kichekesho. Ilikuwa karai tu, likichakaa tunachukua moja katika tuliyomimina wenyewe linakuwa sampo mpya. Chuma hichi kikipoa kinasinyaa karibu asilimia 1, kwa hiyo karai la sentimita 40 linazaa mtoto wa 39.6, mtoto akizaa unapata mjukuu wa 39.2, na sisi tumeshafika vitukuu huko hatujui. Tulikuja kushtuka siku shangazi alipoleta mfuniko wake wa zamani apate karai la kuendana nao, mfuniko ukakaa pale ka kofia ya babu kwenye kichwa cha mjukuu. Mzee akasema mfuniko umetanuka.

Basi tukajichanga tukanunua mashine, mtumba, kutoka Dar, ikaja kwa treni zaidi ya kilomita 1,200. Inatumia upepo wa kompresa, meza inarukaruka mchanga unajaa kila kona, halafu kichwa kinashuka kinaukandamiza, dakika chache fremu imeshiba. Ila lazima uifunge kwa bolti kwenye zege nene, sisi ya kwanza tulimwaga nyembamba, kila ikiruka vikombe vya shangazi kabatini vinacheza na yeye anakuja mlangoni kutuangalia tu, haongei.

Sampo nayo ilibidi iwe mpya, ya alumini, imeshikana na bamba lake. Hapa kuna hesabu mafundi wengi wanaisahau. Unaanza na ya mbao, ya mbao unaitumia kusubu ya alumini, nayo alumini inasinyaa, kama asilimia 1.3 hivi, halafu chuma nacho kinasinyaa juu yake. Kwa hiyo ukitaka karai la 40 ile ya mbao inabidi iwe na karibu 40.9. Fundi wa kukereza alinirudishia kipimo mara mbili akidhani nimekosea.

Siku ya kwanza tumepiga kalibu ishirini kabla ya saa sita, tunacheka, tunapiga picha. Tukamimina. Kalibu ya tatu ikatema, chuma kikaruka juu, ba'mdogo akaruka nyuma ka kijana wa miaka kumi na nane, tunashukuru alikuwa na buti. Kufungua, kumi na tatu zina matundu matundu utadhani zimeliwa na mchwa. Namuuliza aliyetuuzia kwenye simu ananiambia ongezeni presha. Tukaongeza. Ikawa mbaya zaidi!

Mzee alikuwa kakaa kwenye ndoo yake hasemi kitu. Akaja, akachota mchanga kiganjani, akafumba ngumi, akafumbua. Alama za vidole zote zipo, akauvunja katikati ukakatika safi, ila akatuonyesha kiganja: kinang'aa maji. "Huu mchanga wa mchi," akasema, "mmeupeleka kwenye mashine."

Na ndo ilivyokuwa. Ukishindilia kwa mkono mchanga unabaki na upenyo, mvuke unapita. Mashine inabana mpaka mvuke hauna pa kwenda, na maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,000, sasa chuma cha nyuzi 1,300 kikikutana nayo unategemea nini? Tulichokuwa tunapima kwa jicho tukaanza kupima kwa mizani, mchanga mkavu uliochekechwa kilo 100, udongo wa mfinyanzi kilo 8, maji lita 3 na kidogo, unga wa mkaa ngozi ya karai itoke laini, tunachanganya jioni unalala umefunikwa na turubai. Kabla ya kumimina tunatoboa njia za mvuke kwa spoku ya baiskeli. Matundu yameisha, labda moja kwa siku, na hilo tunalirudisha kwenye tanuru.

Faida niliyoiona zaidi ni unene kuliko spidi. Zamani tulikuwa tunaenda milimita 7 kwa woga, karai linafika kilo 8, sasa ni milimita 5 halifiki hata kilo 6. Mdogo wangu akajaribu 4, likatoka zuri, mama mmoja wa Kibirizi kalidondosha mara moja likapasuka, ndani peupe pe. Likiwa jembamba linapoa haraka linakuwa gumu ka kioo. Tumemrudishia lingine, na 4 tumeifuta.

Sasa kinachotuchelewesha ni tanuru, kalibu zinasubiri chuma badala ya chuma kusubiri kalibu. Jumamosi tunamimina ishirini na nne. Mchanga Mzee kasema anaunyunyizia mwenyewe, mizani tuiweke mbali.