Kaunta buku nne na ile miezi ambayo haina tarehe

Wiki iliyopita nilitoa kaunta buku zangu zote kwenye sanduku, ziko nne, nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nianze kuandika hadithi fupi mwaka 2016. Nikasoma tarehe tu. Hadithi zenyewe niliziruka. Mimi kila siku nikikaa kuandika lazima niweke tarehe juu kwenye kona, hata kama siku hio nimetoa sentensi mbili, tabia hio niliichukua kwa mama ambaye alikuwa askari polisi, na kituoni kwao hakuna kitu kinaandikwa kwenye kitabu kabla ya tarehe na saa.

Nilichokuwa natafuta ni jibu. Wale wadogo wanaoanza kuandika huwa wananiuliza, dada wewe hamu ya kuandika unaitoa wapi, na mimi nimekuwa nawajibu maneno ya kupita tu, ati jipe moyo, ati soma sana. Sasa nikasema ngoja, si jibu la kweli liko humu ndani.

Kwanza nieleze ninavyoishi, manake bila hio hamtanielewa. Nafanya kazi kwenye stationari moja Wandegeya, hapa Kampala, zile za kuchapa kazi za wanafunzi, fotokopi, kubaindi, ukisoma Makerere unazijua. Saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku nachapa maneno ya watu wengine, na ukifika msimu wa disatesheni, zile kazi ndefu za kumalizia chuo, wanakuja wote siku moja na wote wanataka kesho, kuna siku vidole vinauma mpaka kushika roleksi, ile chapati ya kuviringisha na mayai, ni kazi. Alafu narudi Kalerwe kwenye muzigo wangu, chumba kimoja, umeme upo au haupo. Kwa hivyo siku zote nilikuwa na maelezo yangu tayari ya kwa nini kuna miezi naandika na miezi siandiki: uchovu, umeme, pesa. Nilikuwa naamini kabisa.

Tarehe zimekataa. Mwaka 2017, kwenye ule msimu mbaya kabisa ambapo tulikuwa wawili tu dukani sababu mwenzetu aliacha kazi, nina tarehe karibu kila siku, zingine ni za saa kumi na moja asubuhi, na nimemaliza hadithi tatu. Alafu angalia 2020. Shule zote zilifungwa Machi 2020, Uganda tukafunga shule muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani, mpaka Januari 2022, na wanafunzi wakiondoka Wandegeya inakufa, bosi akafunga duka, nikarudi kwa mama. Muda nilikuwa nao wote. Chakula kwa mama kipo, hakuna anayenisumbua, meza ipo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba mwaka huo hakuna tarehe hata moja. Hata moja! Nilikaa nikaiangalia hio karatasi kwa muda mrefu sana, inatoka Machi inaruka Oktoba kama vile mtu alikuwa amelazwa.

Kwa hivyo uchovu sio. Muda pia sio.

Oktoba kulitokea nini? Hapo nilihitaji kukumbuka, na nilipokumbuka nilisimama. Ilikuwa watoto. Pale kwa mama kulikuwa na watoto wa majirani kama saba hivi, shule hamna, jioni umeme ukikatika wanakuja kukaa kwenye veranda, na siku moja nikawaanzishia stori ya mzee anayesafirisha mlango kwa boda kutoka Kampala mpaka kijijini kwao, mlango tu, nyumba hana. Sikuimaliza sababu mama zao waliwaita kulala. Kesho yake kabla jua halijazama wako pale, "Aunti, ule mlango ulifika?" Mimi sikuwa najua kama ulifika. Usiku ule nikaandika ili kesho nisiwaaibishe, na tarehe ya kwanza ya Oktoba ndo hio. Mpaka shule zinafunguliwa nilikuwa na hadithi kumi na moja, na ile ya mlango ndo ilikuja kuchapishwa baadaye.

Na hio sio mara ya kwanza kwangu, nikifikiria vizuri. Nimekulia kwenye kambi ya polisi hapa Kampala, ndani ya zile unipoti, nyumba za mabati za duara, mchana zinaoka, usiku zinagandisha, ukuta wa bati mmoja tu kati yako na dunia. Mvua ikinyesha huwezi kusikia mtu anasema nini, lakini isiponyesha unasikia kila kitu cha jirani. Wazazi wametoka kila kona, Acholi, Teso, Bugisu, West Nile, kwa hivyo lugha ya watoto wote ni Kiswahili, Kiswahili chetu cha kambi. Mimi nilikuwa yule mtoto wa kueleza wengine stori, na kulikuwa na kijana mmoja alikuwa ananisubiri bombani asubuhi na jerikeni yake ili nimalizie ya jana. Sikuwahi kukosa stori wakati ule. Wala sikujua kwamba mtu anaweza kukosa.

Sasa kuna kitu cha pili ambacho tarehe zimenionyesha na hiki ndo kilichonifanya niandike hii posti. Mapengo makubwa kabisa, ukiacha lile la lokdauni, yako matatu: la 2018, la 2019 na la 2023. Nikafungua imeli zangu nikazilinganisha na kaunta buku. Yale mawili ya kwanza yanaanza ndani ya wiki moja baada ya kutuma hadithi mahali. Baada ya KUTUMA. Mimi miaka yote nilikuwa nadhani kinachoniua ni kukataliwa, nimewaambia watu hivyo, kumbe kukataliwa kwenyewe hakujawahi kunisimamisha hata siku tatu. Kuna jarida moja lilikaa na hadithi yangu miezi saba alafu likanijibu mistari miwili, asante, haifai kwetu, na usiku huohuo niliandika kurasa sita kwa hasira, na ni kurasa nzuri. Lakini ile miezi saba! Hamna kitu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia simu. Na hio ni 2018, mwaka ambao kodi ya OTT ilianza Julai, unalipa shilingi 200 kwa siku ndo WhatsApp na Facebook zifunguke, na mimi nilikuwa nalipa asubuhi na mapema niingie ukurasa wa lile jarida nione kama wametangaza chochote. Shilingi 200 sio nyingi. Lakini ukilipa kila siku kuangalia kama mtu mwingine amekukubali, kuna kitu kingine pia unatoa, na kile hakirudi kwenye mobile mani.

Nikijaribu kueleza kwa nini kungoja kunaua hivyo, naona ni hivi: siku nikiandika mimi ni mwenye hadithi, najua ninachofanya. Nikishatuma nageuka mwombaji, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtu na bahasha mapajani, na mwombaji haandiki. Anaangalia mlango.

Lile la 2023 lilinishangaza zaidi sababu lilianza na furaha. Ile hadithi ya mlango ilikubaliwa, watu wakanipongeza, mama alilia, nikapata hata pesa kidogo nikanunua laptopu ya mtumba. Alafu miezi mitano kimya. Nakumbuka kila nikifungua ukurasa najiuliza, hii itaifikia ile? Na sentensi ya kwanza kamwe haiwezi kuifikia hadithi iliyokwisha, hata siku moja, sababu ile imeshasafishwa mara kumi na hii imezaliwa sasa hivi.

Wenzetu wa riwaya nadhani wana shida zao lakini hii ya kuanza upya hawaijui sana. Mtu wa riwaya amejenga, anakaa humo miaka miwili mitatu, akiamka asubuhi anajua jikoni ni wapi. Sisi wa hadithi fupi ni wapangaji wa muzigo. Unahamia, unafagia, unajifunza dirisha linafungukaje, unawazoea majirani, ukishaanza kujisikia nyumbani tu kurasa zimeisha, kunja godoro, tafuta chumba kingine. Mwaka mmoja unaweza kuhama mara nane. Kwa hivyo ukisikia mwandishi wa hadithi fupi anasema hamu imeshuka, muulize kwanza kama amemaliza hadithi juzi, mara nyingi utakuta yuko barabarani tu na godoro kichwani.

Na kuna suala la lugha, siwezi kuliacha. Naandika Kiswahili nikiwa Kampala. Kwenye makaratasi mambo ni mazuri, Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini mtaani bado kuna watu wakikisikia wanashika mifuko yao, sababu wazee wao walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Nimewahi kusoma hadithi yangu mbele ya watu, mzee mmoja mwenye heshima zake akanifuata baadaye akaniambia kwa upole kabisa, nnyabo, unasoma vizuri, lakini hii lugha ya kunyang'anyia watu, utakuwa unamwandikia nani hapa? Hakuwa na ubaya. Nilirudi nyumbani na lile swali na lilinikalia kifuani wiki nzima. Kwangu mimi hio ni lugha ambayo mama alinibembelezea nayo.

Kila asubuhi takisi yangu inanishusha Wandegeya na natembea karibu na geti la Makerere, na siku za chini huwa nawaza mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika pale ndani Juni 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi pale, na kilichompa nafasi ya kukaa kwenye mkutano ule ni hadithi fupi mbili alizokuwa amechapisha. Mbili! Ni yeye mwenyewe aliyekuja kueleza hivyo baadaye, na kueleza pia kwamba Shaaban Robert, mwenye vitabu vyote vile vya mashairi na nathari, hakuwa na nafasi, sababu mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo. Huwa inanifanyia mambo mawili hio habari, nusu ya kwanza inaniinua, hadithi mbili zinatosha kumfikisha mtu mezani, na nusu ya pili inanitia mori mpaka natembea haraka. Leo angalau shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, lile ambalo Jennifer Makumbi wetu alishinda mwaka 2014, linapokea hadithi za Kiswahili pia, maneno 2,000 mpaka 5,000, na kushiriki ni bure. Nimetuma humo. Nitatuma tena.

Lakini sasa natuma kwa namna nyingine. Sitoi hadithi mlangoni kabla sijaandika kurasa mbili za inayofuata, na kurasa hizo mbili lazima mtu awe amezisikia. Hilo la kusikia ndo kubwa. Zamani wasikilizaji wangu walikuwa Facebook, nilikuwa na watu kama mia mbili hivi wanafuata, wengi wa hapahapa, alafu Januari 2021 Facebook ikafungwa Uganda na mpaka uwashe VPN, na mtu wa kijijini mwenye bando la elfu moja hatahangaika na VPN ili asome stori yangu. Walipotea mmoja mmoja. Nililia kwa ajili ya wale watu, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kulia kwa sababu ya mhariri yeyote.

Kwa hivyo nimerudi kwa mmoja. Mama amestaafu, macho yamekuwa mabaya, hawezi kusoma maandishi madogo, kwa hivyo namsomea nikirekodi kwenye WhatsApp, dakika tano sita, usiku nikishafunga duka, na nakata mahali ambapo mimi mwenyewe sijui kinachofuata. Yeye ni mpelelezi wa zamani, sio msikilizaji wa kukubali kila kitu. Kuna siku alinijibu kwamba askari wa kweli hawezi kumwacha shahidi aondoke bila kuandika jina lake, rudia hapo. Nikarudia. Kuanzia Februari mpaka leo nina tarehe kwenye kila wiki, na humo ndani kuna wiki za umeme kukatika, wiki ya malaria, na msimu mzima wa disatesheni.

Sisemi hamu haishuki. Jumanne imeshuka, nilikaa na kalamu saa nzima nikatoa mistari minne na yote ni mibaya, nikaweka tarehe nikalala. Jana asubuhi niko dukani nachapa kazi ya mtu, simu ikatetemeka, sauti ya mama, ya sekunde tisa, kelele za kuku nyuma:

"We mtoto, yule mwizi wa mabati, amevuka mto au hajavuka?"

Bado, mama. Yuko ukingoni, amevua viatu.