Miaka miwili ya kusahauliwa

Leo alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni, watu tumebanana, geti limefungwa, feri yenyewe bado iko ng'ambo upande wa kisiwani inashusha magari, nikajikuta nawaza vile nimemngoja Mungu tangu kazi iishe mwaka jana. Kando yangu kuna mama ana beseni ya mahamri kaifunika na leso, ametulia, hasukumi mtu. Mimi roho juu juu, kila dakika naangalia simu kama nimeitwa intavyu.

Wiki hii nasoma habari za Yusufu kwenye Mwanzo. Inapoanza ana miaka 17, anasimama mbele ya Farao akiwa na 30, yani miaka 13 hivi ya utumwa na jela. Lakini palinishika mwisho wa sura ya 40, yule mnyweshaji wa Farao aliyefungwa naye aliombwa na Yusufu amkumbuke, akatoka akamsahau kabisa, na sura ya 41 inaanza miaka miwili mizima imeshapita. Miwili jamani! Biblia haisemi alilia usiku mara ngapi, mimi naamini alilia.

Kanisani wananiambia subira huvuta heri na ni kweli, ila mwenye deni la kodi pia aulizwe amekula nini. Yusufu kule gerezani alikuwa anahudumia wafungwa wenzake, basi nami jioni nafundisha watoto wa jirani hesabu, na usiku namwambia Mungu, Baba, bado niko hapa.

Geti likafunguliwa, yule mama akajitwika beseni yake, tukateremka.