Mbio mjini? Anzeni na mifuniko ya chemba

Mjadala wa kuleta Formula 1, yaani mbio za magari, kwenye barabara za mjini umewaka tena leo. Huku wanahesabu watalii, kule wanalalamikia kelele na foleni.

Sawa. Ila hakuna anayetaja mifuniko ya chemba, yale mashimo ya mabomba yaliyo chini ya barabara.

Gari la mbio hupita sentimita chache tu juu ya lami, na hewa inayokimbia chini ya sakafu yake hulivuta lishike barabara. Kwa kilomita 300 kwa saa, mvuto huohuo hunyanyua mfuniko uliolegea kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Las Vegas, Novemba 2023: mazoezi ya kwanza yalikatizwa baada ya dakika 8 hivi. Zege lililoshika mfuniko liliachia, chuma kikapasua Ferrari ya dereva Carlos Sainz. Betri ikabadilishwa, naye akarudishwa nyuma nafasi 10 kwenye mstari wa kuanzia mbio. Adhabu kwa kosa la barabara!

Baku, Azerbaijan, 2019: dereva George Russell naye alipasuliwa gari na mfuniko.

Dawa ni kuchomelea mifuniko, au kujaza chemba mchanga na kuziba kwa lami. Baadaye fundi wa maji akitaka kuingia, lazima akate kwanza.

Haya, mnaotaka na msiotaka: mngefunga barabara ipi?