Pistoni ya tatu

Leo asubuhi imesogea.

Nilikuwa nimechora mstari wa chaki kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na mwingine kwenye kava lake, na kwa siku 19 mistari hiyo ilitazamana bila kupishana hata unywele. Leo imepishana kwa upana wa ukucha. Niliweka mtaimbo chini nikachuchumaa kuiangalia, nikafuta jasho, nikaiangalia tena.

Trekta ni Massey Ferguson 35, ile yenye injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5. Injini yake imejam, haizunguki. Ilikaa nje miaka mingi na bomba la ekzosi likiwa wazi, limeelekea juu. Kopo moja tu la kufunika bomba lile lingeiokoa. Mvua hushuka kwenye bomba, ikafika kwenye manifoldi, pale moshi wa silinda zote unapokutana, na injini ya silinda tatu ikizimwa, karibu kila mara kuna silinda moja ambayo valvu yake ya ekzosi imebaki wazi. Maji hupita hapohapo. Ndiyo maana pistoni ya kwanza na ya pili zilikuwa safi kiasi, na ya tatu imezungukwa na duara la kutu la rangi ya matofali.

Sikuanza na nguvu. Neno "imejam" linaficha mambo mengi, na ukikosea kujua ni nini kilichoshika, utavunja kisichokuwa na kosa. Kwanza nilihakikisha gia iko huru, kwa sababu trekta iliyobaki kwenye gia huku breki zake zimeganda itakufanya ulaumu injini bure. Kisha nikatoa nozeli zote tatu, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Silinda ikiwa na maji juu ya pistoni, injini haitazunguka, maji hayabanwi, na ukilazimisha utapinda konektingirodi, ule mkono unaoshika pistoni. Halafu kava la roka, zile nyenzo zinazobonyeza valvu: niligonga kila valvu taratibu kwa nyundo ya plastiki nione kama inashuka na kurudishwa na springi yake. Mbili hazikurudi. Ningezungusha injini hivyohivyo, pushirodi, zile fito zinazosukuma roka, zingepinda.

Kosa langu lilitokea wakati wa kufungua manifoldi ya ekzosi. Nati ya mwisho, ile ya nyuma, ilikuwa imebakia nyembamba kwa kuliwa na kutu. Nilikuwa nimechoka, jioni imeingia, nikaongeza bomba kwenye mkono wa spana. Fundi aliyenilea kwenye kazi hii aliniambia mara nyingi, "Kijana, sikiliza mkono wako." Nati inayokubali hutoa mlio mkavu, kwiii, na spana inasogea kwa vishindo vidogovidogo. Stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati, ikikaribia kukatika haitoi sauti. Spana inakwenda laini, inanepa kama mpira, na mkono unadanganyika kwamba kazi imeiva. Nilihisi ule ulaini, nikajua maana yake, na bado nikasukuma. Tak! Stadi ikabaki vipande viwili, kimoja ndani ya hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda.

Kuitoa kulinichukua siku nzima, na ndiyo kazi iliyonifundisha zaidi. Nilichomelea nati mpya juu ya kile kisiki, nikaiacha ipoe yenyewe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana nyuzi hubanana hivyo, na joto la kuchomelea likifuatwa na kupoa hutanua na kubana mpaka ile kutu inapasuka. Ilipokuwa bado ya moto, lakini si nyekundu tena, niligusisha kipande cha nta pembeni mwa stadi. Nta iliyeyuka, ikasimama kidogo kama inafikiri, kisha ikanywewa na nyuzi mbele ya macho yangu. Nikasubiri. Nikaweka spana na, kabla ya kufungua, nikakaza. Kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko. Kwiii. Nikafungua kiasi hichohicho. Nikakaza tena. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kila safari unga wa kutu ukidondoka kwenye kiganja, mpaka stadi ikatoka nzima na nyuzi za hedi zikabaki na uzima wake.

Tangu siku ile nati zote zilizobaki nimezifungua hivyo, kwa kuzikaza kwanza. Sijavunja nyingine.

Pistoni nayo nimeifuata kwa mtindo huohuo. Hedi ilipotoka, nilisugua kwa msasa laini ile kutu iliyokuwa juu ya pistoni kwenye ukuta wa silinda, kwa sababu pistoni haiwezi kupanda mlima wa kutu, na ikilazimishwa itakwaruza ukuta au kuvunja ringi, zile pete zinazoizunguka. Kisha nikamimina mchanganyiko wa asetoni, kimiminika kinachoshika moto upesi, na mafuta ya giaboksi otomatiki, nusu kwa nusu. Vitu hivi viwili havipendani. Tikisa chupa kila unapomimina, maana vinajitenga upesi. Funika silinda, asetoni isipotee hewani. Na siku ya asetoni si siku ya kuchomelea. Hapo sina mjadala na mtu.

Kila asubuhi nilipima kina cha mafuta kwa kijiti. Wiki ya kwanza hayakushuka. Siku ya 11 yalipungua milimita mbili, na nilifurahi kuliko ningekuta yote yamo, kwa sababu yalikuwa yamepata njia pembeni mwa ringi. Yanaishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo oili hiyo yote itamwagwa kabla injini haijawashwa.

Pistoni ya tatu imesimama katikati ya safari yake, na hiyo ni bahati. Ingekuwa juu kabisa au chini kabisa, kuigonga kungeumiza beringi tu, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, isingezunguka. Nilichonga gogo la mti mgumu, duara, pungufu kidogo ya upana wa silinda ambao ni milimita 91, nikalitoboa tundu pana katikati ili uzito usitue kwenye kingo za lile bakuli lililo juu ya pistoni. Ni aluminiamu, inapasuka. Mapigo kumi ya nyundo ya kilo moja, si ya hasira, kisha mtaimbo kwenye meno ya flaiwili kupitia tundu la stata, kushoto, kulia.

Leo pigo la saba lilibadilika sauti. Kabla yake nyundo ilikuwa inaruka, kama unagonga jiwe. Hili lilizama.

Nilipoona chaki imepishana nilitamani sana kuendelea hukohuko chini. Sikuendelea. Nimeirudisha kwa mtaimbo mpaka mistari ikatazamana tena, nikaipeleka, nikairudisha, mara nne, kisha nikamimina mchanganyiko mpya na kufunika. Kufikia mara ya nne ilikwenda kucha moja na nusu.