Gari inagonga mbele kushoto: boljointi, linki na tairodi, nimefungua mwenyewe nyumbani

Kwa kama miezi miwili gari yangu ilikuwa inagonga mbele kushoto, ko-ko-ko, kila nikipita kile kipande cha vumbi cha kutoka nyumbani Goba mpaka nifike lami, nikishafika lami kimya kabisa, bas najisahaulisha mpaka jioni nikirudi inaanza tena. Gari ni Corolla NZE121 ya 2002, injini ya 1NZ, hizi zimejaa kila mtaa.

Nikampelekea fundi mmoja akaisikiliza akiwa amesimama, hata hajainama, akasema shokapu zote mbili za mbele zimekufa nunua mpya. Hela ya shokapu mbili za Kayaba siyo ndogo jamani. Nikarudi nyumbani nikiwa nawaza ntaitoa wapi.

Sasa hapa mtaani tuna mzee mmoja aliendesha malori ya Tunduma miaka mingi, siku hizi amestaafu. Nimepaki nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, alaf akaniambia hiyo gari inalia toka wiki ile, umeiangalia? Nikamwambia fundi kasema shokapu. Akaja akabonyeza kona ya boneti kwa nguvu akaachia, gari ikapanda mara moja ikatulia. Akachungulia nyuma ya tairi, shokapu kavu, hakuna mafuta yaliyovuja. Akasema mwanangu shokapu yako nzima, ikifa gari inadunda kama boti na haitulii, hii yako inagonga, na kitu kinachogonga ni kitu chenye nafasi mahali. Katafute nafasi iko wapi ndio uende dukani.

Hiyo sentensi ndiyo imefanya niandike hapa, maana nimeona watu wengi sana wananunua spea kwa kubahatisha, anabadilisha shokapu, hola, anabadilisha bushi, hola, mwezi wa tatu ndo anagundua ni linki ya bei ya chini kabisa.

Tukapiga jeki upande wa kushoto tairi likaning'inia. Unashika tairi juu na chini unalitikisa, kama linacheza basi ni boljointi (kile kifundo cha chini kinachounganisha tairi na wishboni, yaani mkono wa chini) au beringi ya habu (ya katikati ya tairi). Kujua ni ipi, mtu aingie ndani akanyage breki aishikilie (mdogo wangu ndo alikanyaga), tikisa tena, ukiona kucheza kumeisha ni beringi, ukiona bado kupo ni boljointi. Yangu ilikuwepo vilevile. Ili tuwe na uhakika mzee akachukua mtaimbo akauweka chini ya tairi akanyanyua kidogo, mi nikaweka kidole kwenye ile raba ya boljointi, nikasikia kabisa kwa kidole chuma inapanda na kushuka ndani. Nilishtuka kwakweli. Kisha unashika tairi kushoto na kulia, ukisikia kucheza hapo ni tairodi (kifundo cha fimbo ya usukani upande wa tairi) au raki endi (cha upande wa ndani), yangu ilikuwa tairodi, raba imechanika, grisi yote imetoka na vumbi limeingia.

Linki za stabilaiza (vifimbo vifupi vinavyoshika ile fimbo inayozuia gari isilale kwenye kona) ndo zinawadanganya wengi. Ukipiga jeki upande mmoja tu, ile stabilaiza inajikunja na linki inakazwa, kwahiyo hata iwe imekufa utaitikisa itaonekana ngumu. Ziangalie gari ikiwa chini, au pande zote mbili zimenyanyuliwa sawa. Ya kushoto ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Kwanini kushoto siku zote? Sisi tunaendesha kushoto, kwahiyo tairi la kushoto ndo linashuka kwenye mashimo ya pembeni ya lami na ndo linapanda kokoto ukimpisha mwenzio.

Kwa wanaosema boljointi wataivumilia mpaka mwisho wa mwezi, naomba msome hapa taratibu. Kwenye gari kama hii kwa chini kinachoshika tairi na wishboni ni hiyo boljointi moja tu. Ikichomoka, tairi linalala nje, fenda linakaa chini na usukani hauna kazi tena. Mmeshaziona zile gari katikati ya barabara tairi limepinda kama mguu uliovunjika. Ikitokea kwenye mwendo mdogo una bahati. Mimi siku ile niliacha gari palepale, nikapanda daladala wiki nzima mpaka nimepata vitu.

Kununua nilienda Kariakoo, Gerezani, nimebeba namba ya chesesi. Nilitaka za chapa ya 555 ya Japani, ila jina 555 ndo linaloigwa kuliko yote kwahiyo boksi lisikupumbaze. Ukiishika boljointi mpya geuza kile kijiti kwa mkono, inatakiwa iwe nzito, mpaka ukaze vidole, ikiwa inalegea kirahisi kama iliyotumika rudisha tu. Duka la kwanza nililoingia ilikuwa laini hivyohivyo na raba yake nyembamba, nikatoka. Nikachukua boljointi mbili, linki mbili, tairodi mbili. Nabadilisha pande zote hata kama kulia bado ipo ipo, sababu zimetembea barabara moja miaka ileile.

Kabla ya kazi naongea jambo moja la usalama kwa sauti kubwa, TOFALI LA BLOKU SIYO STENDI. Linabeba vizuri tu alaf linapasuka ghafla bila kukuonya. Nilikopa stendi za jeki mbili, na chini nikaweka vipande vya mbao ngumu sababu uwanja wetu ni mchanga, jeki inazama. Hendibreki inashika matairi ya nyuma, nikaiweka, na bado nikaziba matairi ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Tairi nililolifungua nikalilaza chini ya bodi ya gari, lolote likitokea gari inakaa juu ya tairi na siyo juu ya kifua changu. Nati za tairi, namba 21, unazilegeza gari ikiwa bado chini.

Jumamosi usiku nilipulizia dawa ya kutu kwenye bolti zote, tupo karibu na bahari hizi chuma zinashikana balaa. Asubuhi nikapuliza tena nikaanza na linki. Ukifungua nati yake kile kijiti kinazunguka pamoja nayo, kwahiyo unaweka alenki (spana ya pembe sita) kwenye tundu la katikati unashikilia huku spana inazunguka. Ya kulia ilikuwa imeliwa tundu, tukakata na msumeno wa chuma, nusu saa nzima ya kubadilishana mikono.

Tairodi, kabla hujagusa kitu weka alama ya rangi kwenye nati ya kufungia, na ukiwa unaifungua hesabu inatoka kwa mizunguko mingapi, mpya uirudishe kwa mizunguko ileile. Hiyo ni ili gari itembee mpaka kwenye alaimenti (kunyoosha matairi kwa mashine), haimaanishi usiende alaimenti.

Boljointi sasa. Unachomoa splitipini (kile kipini kinachozuia nati isilegee), unalegeza ile nati yenye meno ila huitoi yote, iache ishike nyuzi kadhaa, maana ikiachia inaruka kwa nguvu. Hapo ndo watu wanaharibu, wanagonga kijiti chenyewe kwa nyundo mpaka nyuzi zinalala. Unatakiwa ugonge pembeni ya ile chuma kubwa iliyobeba habu, palepale boljointi ilipoingia, mapigo mafupi mazito mawili matatu, inaachia yenyewe na utasikia tap. Ya kushoto iliachia pigo la tatu, ya kulia ikagoma mpaka tukaazima pula (kifaa cha kuivutia itoke). Kisha bolti moja na nati mbili za kwenye wishboni, hizi ni 17. Unasukuma wishboni chini kwa mtaimbo ili itoke, na hapa kuwa mpole, usiivute habu nje sana, draivushafti (shafti inayozungusha tairi) inaweza kuchomoka kwa ndani na utajiongezea kazi nyingine ya siku nzima, na angalia ule waya wa ABS usivutike.

Kurudisha, kijiti kikianza kuzunguka na nati haikazi, weka jeki chini ya boljointi ipandishe kidogo, kinakaa kwenye tundu lake kinabana. Splitipini mpya, siyo ya zamani iliyonyooshwa. Na tundu lisipokutana na meno ya nati unakaza mbele mpaka jino linalofuata, haulegezi kurudi nyuma.

Bushi za wishboni sikuzigusa safari hii ila nina kidonda nazo. Mwaka juzi nilibadilishiwa gereji fulani, zikachanika ndani ya miezi mitano, nikadhani ni feki. Mzee ndo akanieleza, bushi ni raba iliyoshikana na chuma nje na ndani, ukiikaza bolti yake gari ikiwa juu miguu inaning'inia, raba inabaki imekaa kwa mkao ule, ukishusha gari inajisokota na inakaa imesokotwa muda wote mpaka ichanike. Bolti za bushi unazisogeza tu, unashusha gari ikae kwa uzito wake ndo unakaza ya mwisho. Mara ya pili nilisimama pembeni ya fundi mpaka akafanya hivyo. Mpaka leo nzima. Mafundi tafadhali, ni dakika kumi tu za ziada, mnawachoshea watu hela.

Tulimaliza saa kumi na moja jioni, tulianza saa mbili. Nati za tairi nikakaza kwa toki rechi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya kukopa, Nm 103 kama Toyota wanavyosema. Jumatatu alaimenti, maana tairodi ikishaguswa matairi hayaangalii mbele sawa, na tairi langu la kushoto lilikuwa tayari limelika upande wa ndani mpaka linaonyesha nyuzi, hilo sasa nalibadilisha, sina namna.

Baada ya kama kilomita mia nikalala tena chini ya gari na spana, nikapitia kila nati moja moja. Moja ya linki ilikubali robo mzunguko, zingine hazikusogea. Kile kipande cha vumbi nakipita nimezima redio, nasikia kokoto tu chini ya matairi.