Nilivyoitetea Kazi Yangu Baada ya Kipimo cha Mkojo Kuonyesha Bangi ya Tiba

Msimamizi wa ghala nililokuwa nikifanya kazi hapa jimbo la Minnesota, Marekani, aliponipeleka kupimwa mkojo, simu yangu ilijaa ushauri wa Watanzania na Wakenya wenzangu, na karibu wote ulikuwa ushauri wa kumponza mtu. Mmoja alinisisitizia, "Kaka, kunywa siki na maji mengi, utatoka safi." Mwingine alitaka kuniuzia chupa ya dawa ya kusafisha damu, na wa tatu akajitolea kunipa mkojo wake. Hasira ya ushauri huo ninayo hadi leo, kwa sababu nilikuwa mgonjwa halali aliyelindwa na sheria, na wao walikuwa wakinishawishi nijigeuze mdanganyifu.

Baada ya upasuaji wa mgongo nilipewa vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni, vikanifunga tumbo na kunifanya nisinzie mchana kutwa. Minnesota ilipitisha sheria ya bangi ya tiba mwaka 2014, na maumivu sugu yasiyotulizwa na tiba za kawaida yakaingizwa katika orodha ya magonjwa yanayokubaliwa mwaka 2016. Daktari wangu alinithibitisha, nikajisajili katika Idara ya Afya ya jimbo kwa ada ya mwaka ambayo wakati ule ilikuwa dola 200, nikaanza kumeza kidonge cha bangi hiyo usiku kabla ya kulala. Dawa yenyewe ilinila mamia ya dola, na bima hailipi hata senti.

Kilichonipeleka kupimwa ni mzigo ulioniangukia mguuni kazini mwaka 2021. Ningependa wauza chupa wakione kile chumba cha kutolea mkojo. Maji ya choo yametiwa rangi ya buluu, bomba limefungwa, na ubavuni mwa kikombe kuna utepe unaoonyesha joto, ambalo husomwa papo hapo na linatakiwa liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Maabara nayo hupima kreatinini, taka ya mwili ambayo kwa kawaida huwamo katika mkojo, kwa hiyo mkojo uliozimuliwa kwa maji hujulikana, na mtu akishashikwa kwa udanganyifu, hakuna kadi ya mgonjwa itakayomtetea.

Jambo ambalo washauri wangu hawakulielewa ni kwamba kipimo cha mkojo hakipimi ulevi. Kinatafuta mabaki ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, baada ya ini kuichakata, na kwa kuwa THC hujihifadhi katika mafuta ya mwili, anayeitumia kila siku anaweza kuonekana nayo wiki kadhaa baada ya kuacha. Katika kanuni za serikali kuu, kipimo cha kwanza huhesabu kuwa bangi ipo kuanzia nanogramu 50 kwa mililita, na cha kuthibitisha kuanzia nanogramu 15. Kidonge changu cha usiku kilikuwa lazima kionekane, hata kama asubuhi nilikuwa na akili timamu kabisa.

Daktari mhakiki wa matokeo alinipigia simu, nikamtajia usajili wangu, akajibu kwamba huo si cheti cha dawa. Kwa hilo alisema kweli: wakati ule sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 ilikuwa ikiiweka bangi katika kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, ndiyo maana daktari wa Minnesota alithibitisha ugonjwa tu, hakuandika cheti. Nikasimamishwa kazi, na rafiki zangu wakaniambia yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu niliisoma barua ya mwajiri hadi mstari wa mwisho, mahali ambapo watu wengi hawafiki. Pale chini iliandikwa kwamba nina siku 3 za kazi za kutoa maelezo kuhusu matokeo. Nikaitafuta sheria ya jimbo ya wakati ule, kifungu cha 152.32, nikakuta kinamzuia mwajiri kumbagua mgonjwa aliyesajiliwa kwa sababu ya kipimo chake cha bangi, isipokuwa kama aliitumia, alikuwa nayo au alikuwa ameathiriwa nayo kazini, au kama mwajiri angepoteza fedha au leseni ya serikali kuu. Kiliruhusu pia uthibitisho wa usajili uwe sehemu ya maelezo hayo.

Hapo ndipo nilipoifanya kazi ninayojivunia. Niliandika ukurasa mmoja, nikatumia maneno yale yale ya kifungu: nimesajiliwa, sikuitumia kazini, sikuwa nayo kazini, wala sikuwa nimeathiriwa nayo. Sikutaja mgongo wala upasuaji, kwa sababu ugonjwa wangu haukuwahusu. Kisha nikaomba nakala ya ripoti ya ajali, ambayo msimamizi mwenyewe alikuwa ameijaza siku ile. Alikuwa ameandika kwamba mzigo haukufungwa vizuri na kwamba mimi nilijieleza kwa ufasaha. Nikaiambatanisha nyuma ya uthibitisho wa usajili, nikapeleka kwa barua pepe na kwa mkono, na sikuondoka kwa afisa utumishi mpaka aliponisainia nakala yangu kwamba ameipokea. Wiki iliyofuata niliitwa kazini, na siku nilizokaa nyumbani nikalipwa.

Binamu yangu anaendesha malori makubwa, naye alitaka kufuata njia yangu. Nilimkataza kabisa. Madereva wa aina yake wako chini ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, ambayo haikubali kadi ya jimbo lolote, na tangu Januari 2020 matokeo yao yanayoonyesha dawa huingizwa katika daftari la taifa ambalo mwajiri mpya lazima alikague. Ambaye bado hajapata uraia naye amwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilieleza kwamba makosa ya bangi chini ya sheria ya serikali kuu yanaweza kumzuia mtu kupata uraia, hata kama jimbo lake linaruhusu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuapishwa kabla ya kugusa kidonge cha kwanza.